Mashua ya tanga iliyochakaa: kusoma dalili na kupata chanzo, kwa wenye vyombo Mtera na kanda ya kati

Mashua ya mbao ikihamia kanda ya kati hubadilisha adui. Pwani hupambana na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao na unyevu usiokauka. Huku kwetu adui ni ukavu. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha huja miezi ya jua na upepo unaonyonya maji kwenye kila kitu chenye asili ya mti. Ndiyo maana mashua nyingi za huku haziharibikii majini. Zinaharibikia nchi kavu, zikiwa zimeegeshwa na mwenyewe anaamini amezipumzisha.

Mtera nayo ina tabia yake. Ni bwawa la umeme kwenye mto Ruaha Mkuu. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu kwenye ardhi iliyolala kama ile ya kingo za bwawa maana yake ufukwe unakimbia. Chombo ulichokifunga ukingoni mwezi wa sita unaweza kukikuta mwezi wa kumi kiko mbali na maji, kimekaa juu ya tope lililokauka na kupasuka. Ongeza na miti iliyozama wakati bwawa linajaa, ambayo mingi bado imesimama au imebaki visiki chini ya maji, na utaelewa kwa nini fundi hodari wa Bagamoyo akija huku lazima apime upya baadhi ya mambo anayoyajua.

Haya ninayoandika ni kwa mwenye mashua ya zamani ya mbao yenye tanga moja la pembe tatu, chombo cha mita tano hadi nane, anayetaka kuikarabati kwa mikono yake. Wengi Mtera hupiga kasia au hufunga injini ndogo, lakini sehemu ya maneno haya itawafaa na wao, maana mbao ni mbao.

Maji yanaingia lini?

Hili ndilo swali la kwanza, na linatangulia hata swali la maji yanaingia wapi. Mashua inayovuja ikiwa imetulia ina ugonjwa tofauti na inayovuja tanga likiwa juu. Inayovuja siku ya kwanza na kukauka siku ya tatu haina ugonjwa kabisa. Kabla hujanunua pamba, misumari wala rangi, kaa na chombo chako ujue jibu. Chukua ndoo moja ya lita 20, fua maji yote yaliyomo ndani, subiri saa moja, kisha fua tena huku ukipima. Andika. Rudia asubuhi na jioni. Kipimo hicho kitakuongoza kuliko macho.

Maji yanaingia kila mahali, mashua ikiwa imetoka tu nchi kavu

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu wengi na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mashua imekaa nje kiangazi kizima, mianya kati ya ubao na ubao inapitisha mwanga, na ukiishusha majini inajaa kabla hujashika kasia.

Chanzo ni kusinyaa. Ubao ukikauka hupungua upana, urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao wa sentimita 20 ukipungua asilimia 3 tu umepoteza milimita 6, na hizo milimita zote huonekana kwenye maungio. Msonobari hupungua zaidi ya hapo. Mninga hupungua kidogo sana, na hiyo ni moja ya sababu mafundi wanaupenda. Kwa hiyo mashua yenye mbao za aina mbili, mninga chini na msonobari uliobandikwa baadaye juu, hufunguka kwa namna isiyo sawa, na mtu asiyejua historia yake hudhani upande mmoja umeoza.

Dawa ni maji yenyewe. Weka magunia ya katani yaliyolowa ndani ya mashua, juu ya mkuku (ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima) na kwenye mbao za ubavuni, uyamwagie asubuhi na jioni, na nje uifunike isipigwe na jua. Baada ya siku mbili tatu ishushe kwenye maji ya kina kifupi, uiache ijae hadi nusu, imefungwa vizuri, ikae. Mbao zitavimba na kukutana. Fua, pima kwa ndoo, subiri, pima tena. Kiasi kikiendelea kushuka kila siku, usiguse kitu. Kikigoma kushuka baada ya wiki nzima, hapo ndipo ukavu umeacha kuwa maelezo na una tatizo la kweli.

Tahadhari moja: usiingie majini kupapasa chini ya chombo. Mtera kuna mamba na viboko. Ukaguzi wa chini unafanyika mashua ikiwa imevutwa juu.

Kosa kubwa linalofanywa hapa ni kuziba mianya ubao ukiwa mkavu kabisa, na kuiziba kwa kitu kigumu: saruji, gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa jiwe, au pamba iliyoshindiliwa kwa nguvu zote. Inapendeza machoni. Kisha mashua inashuka majini, ubao unavimba kama ilivyo asili yake, unakuta nafasi yake imechukuliwa na kitu kisichobonyea. Nguvu ya mbao inayovimba ni kubwa mno. Itang'oa misumari, itasukuma ubao wa jirani, na mara nyingine itavunja mataruma, zile mbavu za ndani. Nimeona mashua iliyokuwa na mwanya tu ikageuka kuwa mashua yenye mbavu tatu zilizopasuka, na aliyeziba alikuwa amefanya kazi safi kabisa. Kama ni lazima uzibe kitu ubao ukiwa mkavu, kwa sababu mwanya unapitisha kidole, tumia kitu laini kitakachokubali kukamuliwa nje: mchanganyiko wa mafuta na chokaa, au pati laini ya mafuta. Silikoni ya madirisha usiitumie. Haishiki kwenye ubao uliolowa, na ikishaguswa mahali, rangi na gundi hazitashika tena hapo.

Imeshavimba, bado inavuja

Sasa tafuta mahali. Ivute juu, uiweke kwenye magogo au mawe iwe imenyooka, ikaushe nje kwa kitambaa, kisha paka unga wa chaki au majivu yaliyochekechwa juu ya maungio yote upande wa nje. Mimina maji ndani kidogo kidogo. Usizidishe kimo cha kiganja kimoja, maana mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na mashua haikutengenezwa kubeba maji ikiwa hewani. Egemeza mbavu zake kwa vipande vya mbao pande zote mbili. Halafu zunguka polepole. Mahali maji yanapotoka chaki hubadilika rangi kabla tone halijaanguka, na utaona kama ni mstari mrefu, kitone kimoja, au duara kuzunguka kichwa cha msumari. Kila umbo lina maana yake.

Mstari mrefu kwenye maungio ni kalafati, ile pamba inayoziba maungio, iliyochoka. Ondoa ya zamani kwa ncha ya kisu bila kuumiza kingo za ubao, safisha, acha ubao ubaki na unyevunyevu wake, kisha ingiza pamba mpya. Pamba ya nyuzi isiyosokotwa sana ndiyo bora, na haiko mbali, maana Singida inalima pamba. Isokote iwe kamba laini yenye unene unaozidi mwanya kidogo, iingize kwa patasi butu na nyundo ya mti, mapigo mepesi mengi. Ukiona pamba imetokeza ndani ya mashua, umepita. Na kama mwanya unazidi milimita 5 mahali pengi, pamba haitakaa. Hapo chonga ukanda mwembamba wa mbao ya aina ileile ujaze, au badili ubao.

Juu ya pamba watu wengi huku hupaka lami ya barabara iliyoyeyushwa. Naelewa kwa nini: inapatikana na inaziba siku hiyohiyo. Lakini jua la Dodoma huilainisha, inachuruzika, inaacha mwanya wazi kwa juu, na ubao ulioloweshwa lami hautapokea rangi wala gundi tena. Doa jeusi litatokeza juu ya kila rangi utakayopaka. Mimi napendelea deheni ya kale. Nunua mafuta ya ng'ombe au ya kondoo kwa wachinjaji, yayeyushe kwa moto mdogo, yachuje, yachanganye na chokaa hadi yawe mazito, upake yakiwa vuguvugu kwa kiganja, ukisugua hadi yaingie. Huu ni mkoa wa mifugo, mafuta hayo hayakosekani. Yapake sehemu inayokaa chini ya maji tu, maana ubavu wa juu ukipigwa na jua yatayeyuka. Na kazi hii hurudiwa. Kila chombo kinapovutwa juu, paka upya.

Duara kuzunguka msumari ni kutu. Hilo linastahili sehemu yake.

Kitone kimoja katikati ya ubao usio na ungio ni fundo la mti lililokauka na kulegea, au jeraha la kisiki. Fundo litoboe, uweke kizibo cha mbao chenye mkao wa nyuzi unaofanana na wa ubao wenyewe. Jeraha la kisiki liangalie kwa ndani kabla hujaridhika: mara nyingi nje kuna mkwaruzo mdogo na ndani kuna taruma lililopasuka, kwa sababu mti uliozama husukuma mashua kutoka chini kwenda juu na ubavu ndio unaopokea.

Inavuja tanga likiwa juu tu

Ikiwa imefungwa ni kavu. Ukitweka tanga na upepo wa mchana ukashika, baada ya nusu saa miguu imelowa. Hapa watu huhangaika na maungio ya chini, na yako sawasawa.

Kuna vyanzo viwili. Cha kwanza ni chepesi: mashua inapolala, ubavu wa upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, huzama hadi kwenye mbao ambazo siku zote huwa hewani. Mbao hizo hazijawahi kuvimba. Ziko wazi kwa ukavu uleule niliousema mwanzo. Zimwagie maji kila siku kwa siku kadhaa kabla ya safari, na uzipake rangi nyeupe au ya kung'aa ili zisichomwe. Rangi nyeusi ubavuni ni nzuri kwa macho, lakini ubao uliopakwa rangi nyeusi hupata moto kiasi cha kuunguza mkono, na unakauka upesi kuliko mwenzake.

Chanzo cha pili ni kizito. Mlingoti wa mashua haukai juu ya hewa. Kisigino chake kimesimama kwenye mti uliolazwa juu ya mkuku. Upepo ukivuta tanga, mlingoti husukuma chini. Kama mti ule wa kushikilia umeoza au umelegea, nguvu yote hushukia mahali pamoja, na mbao mbili zinazokumbatia mkuku hufunguka kila wimbi linapopita, kisha hujifunga chombo kikitulia. Ndiyo maana huoni kitu ufukweni. Kulijua hili, mtu mmoja akae ndani, shina la mlingoti liwe kati ya magoti yake, mwingine avute kamba ya mlingoti kushoto na kulia akiwa nje. Aliye ndani aweke kidole kwenye ungio la mkuku na ubao wake wa kwanza. Kidole kikibanwa na kuachiwa, umepata ugonjwa wako. Hakuna kiasi cha pamba kitakachosaidia. Fungua mti huo, uubadili kwa mbao ngumu kama mkongo, uurefushe ufike kwenye mataruma matatu au manne ili uzito ugawanyike, na uufunge kwa bolti badala ya misumari.

Weusi kuzunguka misumari

Mbao nyingi ngumu za miombo zina asidi inayokutana na chuma na kutoa doa jeusi. Doa peke yake si hukumu. Chukua ncha ya kisu na uibonyeze milimita chache pembeni mwa kichwa cha msumari. Ubao mzima hukataa. Ubao uliougua huingia kwa ulaini, na ukichokonoa unatoka vumbi jeusi lenye nyuzinyuzi, na msumari wenyewe ukiugonga kando unacheza. Ukiutoa unakuta umebaki mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, kichwa kizima na ncha nzima, na pale katikati unapopita kutoka ubao kwenda taruma umeliwa karibu wote.

Usigongee msumari mpya kwenye tundu lile. Ziba tundu la zamani kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, toboa tundu jipya pembeni, na utangulie na keekee au drili, maana mninga na mkongo hupasuka ukilazimisha. Msumari uwe na urefu wa mara mbili hadi mbili na nusu ya unene wa ubao, na ukiwa unatokeza ndani ukunjwe ncha yake juu ya taruma. Dukani utaambiwa yote ina zinki. Iangalie: ile inayong'aa kama kioo ina ngozi nyembamba ya zinki na itakwisha mapema, ile ya kijivu iliyofifia yenye uso mkwaruzo ilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, na hiyo ndiyo unayoitaka. Waya wa shaba wa umeme uache kwenye umeme. Shaba na chuma vikigusana kwenye maji, chuma ndicho kinacholiwa.

Badilisha ubao mmoja kabla ya kugusa wa pili. Mashua kuukuu inashika umbo lake kwa kutegemeana, na ukiing'oa misumari upande mzima itajinyoosha, isirudi tena.

Mwenye chombo kwenye ziwa Singidani aongeze jambo moja: maji yale ni ya magadi, na magadi huila alumini. Usifunge kipande cha alumini chini ya maji huko, hata kama ni cha bure.

Mbao laini, harufu ya uyoga

Watu hushangaa kusikia kwamba maji ya mvua huozesha mashua kuliko maji ya bahari. Ndivyo ilivyo. Chumvi huzuia ukungu unaokula mti. Maji matamu hayazuii kitu. Mvua za Januari hadi Machi zinapokusanyika kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa bila kufuliwa, ndipo kuoza kunapoanza, na mwaka unaofuata ukavu huficha kila kitu kwa sababu ubao uliooza ukikauka huonekana mzima.

Gonga kwa mpini wa bisibisi. Mti mzima hulia, uliooza hunyamaza. Anza pale maji yanapopenda kukaa: chini ya kisigino cha mlingoti, vichwa vya mataruma, chini ya viti, na juu ya fashini, ile miti iliyosimama kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma), kwa kuwa mwisho wa mti umekatwa na unanyonya maji kama utambi. Taruma lililooza kichwani si lazima uling'oe. Kata hadi ulipo mti mzima na uzidishe kidogo, kisha ambatanisha taruma jipya ubavuni mwa la zamani kwa bolti, liwe refu zaidi kuliko unavyodhani linatosha. Ubao wa nje ukiunganishwa kwa kupandiana, mshazari wa muungano uwe mara nane ya unene wa ubao. Ubao wa sentimita 2.5 unataka mshazari wa sentimita 20. Mafundi samani wa mjini watakushauri mfupi zaidi. Kwa kabati ni sawa, kwa mashua hautadumu.

Kama badala ya ulaini unakuta vijia vyembamba vya udongo vinapanda kutoka chini, hao ni mchwa. Pwani mtu hasumbuki nao sana kwenye chombo, huku ndio wanaomaliza mashua iliyoachwa juu ya ardhi. Wengi hupaka oili chafu ya gari kwenye magogo ya kuegemezea. Inawafukuza kwa muda, inaingia kwenye ubao uliokuwa mzuri ukawa haupokei rangi, na mvua ya kwanza inaishusha bwawani kwenye mazalia ya perege. Tumia mawe au matofali ya saruji, yaliyoinuka kiasi cha kupitisha mkono chini ya mkuku, na upite kila wiki kuvunja vijia ukiviona. Inatosha.

Rangi inabanduka kama maganda

Ilipakwa juu ya ubao uliolowa, au juu ya lami, au saa saba mchana wakati inakauka kabla haijazama. Kwangua, paka alfajiri. Hakuna zaidi.

Haibishi, na usukani ni mzito

Mashua ya zamani inayokataa kwenda upande upepo unakotoka humchosha mtu kuliko inayovuja. Tofautisha malalamiko mawili. La kwanza, chombo kinakwenda lakini kinateleza pembeni kuelekea demani. La pili, chombo kinajipeleka chenyewe joshi, kuelekea upepo, na unavuta kana, mkono wa usukani, kwa nguvu zote kukizuia.

Kuteleza mara nyingi ni tanga. Tanga la marekani la pamba, likitumika miaka, hunyooka ule upande uliofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, na kuvimba tumbo kubwa katikati. Tumbo hilo linafaa kwenda na upepo, halifai kubisha. Litandaze chini, vuta kamba kutoka pembe hadi pembe kwenye ukingo wa foromali. Kama kitambaa kimelegea chini ya kamba kwa zaidi ya upana wa kiganja, fungua mafundo yote na ulifunge upya kwenye foromali ukianzia katikati na kuvuta kuelekea ncha mbili, lisiwe na mkunjo hata mmoja. Angalia na foromali yenyewe. Kama ni mwanzi wa Iringa uliokauka umepinda upande mmoja, ugeuze. Kama unapinda kupita kiasi upepo ukishika, ongeza kipande cha mti kwenye ule upande mnene na ukifunge kwa kamba kila baada ya sentimita 30.

Kujipeleka joshi ni suala la mizani. Nguvu ya tanga ina mahali pake, na nguvu ya maji ubavuni ina mahali pake. Ya tanga ikiwa nyuma ya ile ya maji, omo hugeukia upepo. Kwanza sogeza mzigo na abiria kuelekea tezi, omo inyanyuke kidogo. Kisha shusha pembe ya mbele ya tanga na uisogeze omo zaidi. Kisha angalia kama mlingoti umelala nyuma kuliko ulivyokuwa, jambo linalotokea kabari zake zikikauka na kulegea. Na angalia mashua inalala kiasi gani: chombo kilicholala sana hujipeleka joshi hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Viroba vinne au vitano vya mchanga vilivyofungwa vizuri juu ya mkuku, visiwe na nafasi ya kuteleza, huondoa nusu ya tatizo hilo kwenye mashua tupu. Vifunge kweli, maana mchanga ukihamia demani wakati wa upepo wa ghafla utamalizia kazi ya kupindua. Na kila aliyemo awe amevaa jaketi la kuokolea, asilikalie.

Tanga linapasuka kwenye mshono

Kitambaa ni kizima, mshono umeachia. Hilo ni jua limeumaliza uzi. Vuta uzi kwa kucha: ukikatika bila kelele, tanga zima lishonwe upya, usishone pale palipoachia tu, kwa sababu kesho pataachia sentimita kumi mbele. Uzi wa poliesta mnene, mishono miwili sambamba, fundi cherehani yeyote mwenye mashine ya zigizaga ataweza mradi umsaidie kulibeba tanga lisimvutie sindano. Pembe tatu zishone kwa mkono na uzi uliopakwa nta. Na likiwa halitumiki, lifunikwe. Tanga linaloachwa limefungwa kwenye foromali mchana kutwa hufa bila hata kusafiri.

Kwa mwenye mashua ya faiba

Wachache wanazo, basi kwa ufupi. Gonga kwa sarafu. Panapolia bubu tabaka zimeachana au mbao ya ndani imeoza. Saga hadi ufike palipo pazima, mshazari mpana kuzunguka shimo, halafu jaza tabaka baada ya tabaka. Rezini ya poliesta huchanganywa na kiamshi, ile dawa ya kuigandisha, asilimia 1 hadi 2. Joto la mchana wa Dodoma litaigandisha ndani ya kopo ukiwa bado unatafuta brashi, kwa hiyo changanya kidogo, alfajiri, kivulini.

Mlingoti na kamba za kupandishia

Nyufa ndefu zinazofuata nyuzi za mti kwenye mlingoti ni za kawaida kwa jua letu. Zijaze mafuta, usizijaze saruji wala gundi ngumu, kwa sababu zitafunga zenyewe msimu wa mvua na kitu kigumu kitazipanua. Ufa unaokata nyuzi, hata mfupi wa kucha, ni wa kuogopwa. Mlingoti huo usiutweke tanga tena. Mkaratusi ulionyooka, uliokaushwa kivulini taratibu na gome lake kuondolewa, ni mbadala unaopatikana na unaofaa.

Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa nzito kuvuta, chanzo ni kapi: vumbi la huku huingia kwenye mhimili wake na kushikana na mafuta ya zamani yakawa udongo. Lifungue, lisafishe, lipake mafuta ya ng'ombe kidogo, uhakikishe gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja. Kama kamba yenyewe imevimba au imechakaa ikawa na manyoya, ibadili yote, usiiunge kwa fundo, kwa sababu fundo litapanda hadi kwenye kapi na kukwama hapo tanga likiwa juu. Kila unapotaka kutoka, kabla hujasukuma chombo, tweka tanga na ulitue mara moja ukiwa ufukweni. Likishuka lenyewe hadi chini mara tu unapoachia henza, bila kuvutwa, ndipo usukume.